Sura ya Tano: Maduka Matatu Yatosha

Swali hili huulizwa kila Desemba inapokaribia, na huulizwa tena msimu wa mahafali, wa harusi na wa kumtembelea mama aliyejifungua: kuna faida gani kuzunguka maduka kuulizia bei ya kitu kilekile? Mkazi wa Kileleshwa au Lavington anajua kwamba blenda aliyoiona kwenye jumba la maduka la karibu huenda inauzwa kwa bei nyingine Luthuli Avenue. Anajua pia kwamba kwenda huko na kurudi kutamlia nusu siku. Wapo watakaomwambia asijisumbue kwa ajili ya mia mbili, na wapo watakaomwambia kwamba anayenunua bila kuulizia anajitakia kuliwa. Jibu la sura hii ni kwamba aulizie, ila aulizie mahali pachache na ajue anachokiulizia. Duka la pili humlipa mnunuzi vizuri, la tatu humlipa kidogo, na kutoka hapo mnunuzi wa zawadi huanza kupoteza zaidi ya anachookoa. Tena bei inayofaa kulinganishwa si ile iliyobandikwa kwenye boksi.

Kwa nini kitu kimoja kina bei nyingi

Anayeona blenda moja ikiuzwa kwa bei mbalimbali hudhani upesi kwamba mmoja wa wauzaji ni mwizi. Mara nyingi sivyo. Bei ya dukani hubeba mizigo isiyohusiana na kitu chenyewe. Duka lililo ndani ya Sarit Centre, jumba lililofunguliwa Westlands mwaka 1983, au ndani ya Yaya Centre kule Kilimani, hulipia lifti, taa, walinzi, wafagiaji na nafasi ya kuegesha magari, na gharama hizo humwangukia mnunuzi hata kama alikuja kwa miguu. Kibanda cha mita chache kwenye ghorofa ya pili ya jengo la Moi Avenue au River Road hakina hayo, lakini kina yake: kodi ya nafasi inayogombaniwa, na kile wafanyabiashara wanachokiita gudwili, yaani fedha ambazo mpangaji mpya hutoa mara moja ili akubaliwe kuingia, mbali na kodi ya kila mwezi. Mwenye kibanda hutafuta fedha zake kwa kuuza vitu vingi kwa faida ndogo. Mwenye duka la Westlands huzitafuta kwa kuuza vichache kwa faida kubwa. Wote wawili wanaweza kufunga mwaka wakiwa sawa mfukoni, na bado bei zao zisikutane.

Njia iliyopitiwa na bidhaa nayo ina gharama. Kuna vitu vinavyoingia nchini kupitia wakala rasmi, maana yake kampuni iliyopewa na kiwanda haki ya kuuza bidhaa zake hapa na jukumu la kuzitengeneza zikiharibika. Kuna vingine vinavyoletwa na wafanyabiashara wadogo wanaochanga mizigo yao ndani ya kontena moja kutoka Dubai au Guangzhou. Boksi linaweza kufanana, rangi ikafanana, hata namba ya modeli ikafanana. Kinachokosekana katika boksi la pili ni mtu wa kulipokea Nairobi likileta matatizo. Sehemu ya unafuu wa bei hapo ni kwamba hukulipia huduma hiyo. Si ulaghai, mradi mnunuzi ajue.

Sababu ya tatu haitajwi sana, nayo ndiyo inayomhusu zaidi mnunuzi wa zawadi. Watu wengi wa Nairobi wanajua kwa kichwa bei ya paketi ya unga wa kilo mbili, ya maziwa na ya sukari. Supamaketi inayozidisha bei ya unga kwa shilingi kumi hujulikana kabla ya jioni. Ndiyo maana vita vya bei kati ya Naivas, Quickmart na Carrefour hupiganwa kwenye unga, mafuta ya kupikia na sabuni. Lakini ni nani anayejua kwa kichwa bei ya seti ya sahani za kauri, ya chupa ya chai ya lita mbili, ya saa ya mkononi, au ya shali ya mtoto mchanga? Vitu hivi hununuliwa mara moja kwa mwaka au chini ya hapo, na mnunuzi huingia dukani bila kumbukumbu yoyote ya kumlinda. Muuzaji analifahamu hilo. Zawadi, kwa asili yake, huwa miongoni mwa bidhaa ambazo bei zake zinaweza kupanda bila mtu kupiga kelele, kwa hiyo tofauti kati ya duka na duka ni kubwa zaidi kwenye zawadi kuliko kwenye chakula. Anayesema "mimi huwa silinganishi bei za unga, kwa nini nilinganishe za zawadi" ameshika mambo kinyume: bei ya unga imekwisha kulinganishwa kwa niaba yake na maelfu ya wanunuzi wengine.

Hesabu ya duka la pili

Mwaka 1961 mchumi wa Marekani George Stigler, ambaye baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1982, alieleza jambo ambalo akina mama wa sokoni walikuwa wakiliishi tayari: kutafuta bei nafuu ni kazi, na kazi hiyo ina gharama zake. Gharama hiyo huitwa gharama ya utafutaji, nayo ni jumla ya nauli, muda, uchovu na simu unazopiga kabla ya kununua. Stigler alionyesha kwamba faida ya kuulizia huendelea kupungua kila unapoongeza duka, ilhali gharama ya kuulizia haipungui. Pana mahali ambapo faida na gharama hizo hukutana, na mtu mwenye busara huishia hapo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme blenda ya modeli moja inauzwa jijini kwa bei yoyote kati ya shilingi 3,000 na 4,000, na hujui duka gani lina bei gani. Ukiingia duka moja tu na kununua, kwa wastani utalipa 3,500. Ukiulizia maduka mawili na kuchukua iliyo nafuu, wastani wako utashuka hadi kama 3,333. Matatu yatakufikisha 3,250, manne 3,200, na matano karibu 3,167. Angalia hatua zenyewe: duka la pili lilikuokolea kama shilingi 167, la tatu 83, la nne 50, la tano 33. Nauli ya matatu kutoka Westlands hadi katikati ya jiji na kurudi inaweza kufika shilingi 100, au 200 mvua ikinyesha saa za jioni. Duka la pili linastahili safari. La tatu linastahili tu likiwa karibu na la pili. La nne, kama linahitaji matatu nyingine, ni hasara hata kabla ya kuhesabu miguu yako.

Mtu atasema kwamba zawadi kubwa hubadilisha hesabu, na ni kweli. Simu ya shilingi 25,000 inaweza kutofautiana kwa elfu mbili au tatu kati ya duka na duka, na hapo hata duka la nne linaweza kulipa. Ajabu ni kwamba binadamu hufanya kinyume. Mwaka 1981 watafiti Amos Tversky na Daniel Kahneman waliwauliza watu kama wangesafiri dakika 20 kwenda duka jingine ili kuokoa dola 5. Kitu kilipokuwa kikokotoo cha dola 15, karibu watu 7 kati ya 10 walikubali. Kilipokuwa cha dola 125, waliokubali walikuwa karibu 3 kati ya 10. Dola ni zilezile tano na safari ni ileile. Jijini Nairobi jambo hili linaonekana wazi: mtu atabishana robo saa kwa ajili ya shilingi 50 ya kikombe cha 350, kisha ataingia duka la simu na kulipa bei ya kwanza aliyotajiwa, kwa sababu elfu moja mbele ya elfu ishirini na tano haionekani kuwa kitu. Elfu moja inanunua vitu vilevile popote ilikookolewa. Kwa hiyo usihesabu asilimia, hesabu shilingi.

Kwa ufupi: zawadi ya chini ya shilingi 1,000, nunua mahali ulipo baada ya kuchungulia duka moja la jirani. Zawadi ya elfu chache, maduka matatu. Zawadi ya makumi ya maelfu, ongeza moja au mawili, lakini anza kwa simu.

Ramani ya jiji ndiyo inayoamua

Gharama ya utafutaji haiko sawa kila mahali. Katikati ya jiji, biashara za aina moja hukaa pamoja. Luthuli Avenue ni ya redio, spika, televisheni na vifaa vya umeme. Biashara Street, ambayo zamani ilijulikana kama Indian Bazaar, ni ya vitambaa, leso, blanketi na mahitaji ya watoto wachanga. Kamukunji, ukivuka kuelekea mashariki, ni ya sufuria, jiko na masanduku ya shule yanayofuliwa na mafundi wa jua kali. Mtu anaweza kudhani kwamba muuzaji mwenye akili angekwenda kuuza blanketi mahali ambapo hakuna mwingine. Lakini wanunuzi huja Biashara Street kwa sababu maduka ni mengi na kuulizia hakugharimu zaidi ya hatua kumi, na wauzaji huwafuata wanunuzi waliko. Hapo duka la tatu ni karibu bure, na hata la tano. Anayemnunulia mama blanketi hana sababu ya kuchukua la duka la kwanza.

Magharibi mwa jiji mambo hubadilika. Westlands ina nafuu kidogo, kwa kuwa Sarit Centre na Westgate ziko umbali wa kutembea kwa miguu. Lakini kutoka Yaya Centre hadi Junction kwenye Ngong Road, na kutoka Junction hadi The Hub kule Karen, ambako Carrefour ilifungua duka lake la kwanza nchini mwaka 2016, ni safari mbili za gari kwenye barabara ambazo mwezi wa Desemba hazina huruma. Isitoshe, maduka ya majumba haya aghalabu ni matawi ya kampuni zilezile. Kwenda tawi moja la supamaketi na kisha jingine la kampuni hiyohiyo si kulinganisha bei hata kidogo, ni kutalii. Anayeishi upande huu atumie jumba la karibu kwa kazi linayoifanya vizuri: kukishika kitu mkononi, kusikia uzito wake, kuandika jina kamili la modeli na kupata bei isiyojadiliwa. Bei hiyo ndiyo kipimo atakachokwenda nacho mjini, au atakachobaki nacho akiamua kwamba mjini ni mbali.

Kipimo hicho kina thamani kuliko kinavyoonekana, kwa sababu vibanda vingi vya mjini havibandiki bei. Utakachotajiwa kwanza ni bei ya kuanzia. Ukisita, utaulizwa, "Uko na ngapi?" Swali hilo limebuniwa kwa ustadi: asiye na kipimo hutaja kiasi alichotoka nacho nyumbani, na bei ya kitu hugeuka kuwa kiasi hicho. Mwenye kipimo hujibu kwa bei aliyoipata kwingine na kuomba bei ya mwisho. Ukilinganisha bei ya kuanzia ya Luthuli na bei iliyobandikwa Westlands utaona kama vile mji hauna nafuu; linganisha bei ya mwisho.

Yapo mambo mawili ya mjini yanayomfanya mtu adhani ameulizia maduka matatu kumbe ameulizia moja. La kwanza ni vijana wanaosimama barabarani wakikuuliza unatafuta nini. Hao ni madalali, na kazi yao ni halali, lakini malipo yao yamo ndani ya bei utakayotajiwa, nao watakuzungusha kwenye vibanda vinavyowalipa. La pili ni muuzaji anayekuambia, "Ngoja dakika moja," akatoka na kurudi na boksi. Amelitoa kwa jirani, pengine kwa jirani yuleyule utakayemwendea baadaye, naye ameongeza chake. Ukitaka bei tatu za kweli, tafuta majengo matatu, ingia mwenyewe, na uulize kitu kilicho kwenye rafu mbele ya macho yako.

Saa nayo ni sehemu ya ramani. Wachuuzi wa barabarani wana kitu kinachojulikana Nairobi nzima kama bei ya jioni, bei inayoshuka mtu anapotaka kufunga mzigo aende nyumbani. Kwa maua, matunda na nguo hulipa kusubiri. Kwa vifaa vya umeme ni hatari, kwa maana giza na haraka ni marafiki wa bidhaa mbovu.

Bei kamili ya zawadi

Kufikia hapa tumezungumza kana kwamba zawadi ni kitu unachojinunulia. Sivyo, na tofauti hii ndiyo kiini cha sura. Blenda uliyojinunulia ikiungua siku ya tatu, utarudi dukani na risiti na hasira. Blenda uliyompa shangazi ikiungua, shangazi hatakuambia. Ataiweka juu ya kabati, na ukimuuliza atasema inasaga vizuri sana. Adabu inamzuia kulalamika, na risiti unayo wewe. Duka halitasikia lolote, na mwakani utarudi palepale ukiamini ulipata nafuu. Ile nidhamu ya kawaida inayomfanya muuzaji aogope kuuza kitu kibovu, yaani mteja kurudi akifoka, haifanyi kazi kwenye zawadi. Ni lazima basi mnunuzi afanye mapema kazi ambayo kwa kawaida ingefanywa na lalamiko.

Kinachofaa kulinganishwa ni kile ninachokiita bei kamili: gharama ya zawadi ikiwa mikononi mwa mpokeaji, ikifanya kazi, na ikiwa na njia ya kurudi ikikataa. Kabla ya kusema duka hili ni nafuu kuliko lile, ongeza haya:

- Nauli, au ada ya kufikishiwa, pamoja na ya kulipeleka boksi kwa mpokeaji.
- Dhamana, yaani ahadi ya kutengenezewa au kubadilishiwa: ni ya muda gani, inatolewa na nani, na karakana iko wapi. Dhamana ya mwaka mmoja kutoka kwa kibanda kinachoweza kuhama mwezi ujao haina mwaka ndani yake.
- Ruhusa ya kubadilisha saizi au rangi, hasa kwa viatu na nguo.
- Kufungwa kwa zawadi. Maduka mengine hufunga bure, mengine hutoza, na mengine hukuacha uhangaike na karatasi na gundi.

Ukijumlisha hivyo, mara nyingine duka lililoonekana ghali kwa shilingi 300 huwa ndilo nafuu. Na mara nyingine sivyo: seti ya sufuria za Kamukunji haihitaji dhamana wala saizi, na hapo bei ya chini ni bei ya chini.

Sheria inamsaidia mnunuzi kuliko anavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mlaji haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na haki ya kupewa taarifa anazohitaji kuzihusu, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ametoa dhamana ya ubora hata kama hakusema neno. Yale maandishi yaliyo chini ya risiti nyingi kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi hayafuti haki hiyo kitu kikiwa kibovu. Pia tangu 2021 ipo Mahakama ya Madai Madogo jijini, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Hata hivyo sheria hizi huanza na risiti, na haki ya kurudisha kitu kibovu si haki ya kurudisha kiatu kilichobana. Hilo la pili ni hisani ya duka, nalo huulizwa kabla ya kulipa.

Kuhusu bidhaa bandia, kanuni yangu ni ya hesabu tu. Ukipata bei mbili zinazokaribiana na ya tatu ikawa nusu yake, hujapata nafuu. Umepata kitu kingine chenye boksi linalofanana. Kwa simu, bonyeza *#06# uone namba ya utambulisho ya tarakimu 15 na uilinganishe na ile ya kwenye boksi kabla ya kulipa. Kwa bidhaa iliyotengenezwa nchini, namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango nchini, hutumwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, nawe hujibiwa ni ya nani. Manukato hayana njia rahisi kama hiyo. Ikiwa mpokeaji anapenda chapa fulani, lipa bei ya duka linalojulikana, au nenda kwa wauzaji wa manukato ya kupimiwa, ambao angalau hawadai kuwa wanauza chapa.

Vocha za zawadi nazo zina jambo lao. Vocha ni deni ambalo duka linadaiwa na aliyeipokea: imekwisha kulipiwa, naye bado hajapewa kitu. Deni huwa imara kwa kadiri duka lilivyo imara. Nakumatt ilikuwa supamaketi kubwa kuliko zote nchini, na Januari 2020 wadai wake walipiga kura ivunjwe. Anayenunua vocha anunue ya kutumika mapema.

Je, simu haijamaliza kazi hii?

Pingamizi la kwanza ni kwamba yote haya ni ya zamani: fungua Jumia au Kilimall, andika jina la kitu, upange kuanzia bei ya chini, kwisha. Nakubali nusu. Simu imeshusha gharama ya utafutaji kuliko kitu kingine chochote, na kwa mtu wa Kilimani bei mbili za kwanza zapaswa kutoka hapo. Lakini tovuti hizi ni masoko, si maduka: wauzaji wengi tofauti huweka bidhaa zao humo, na kitu kimoja kinaweza kuwapo mara tano kwa dhamana tano tofauti. Soma jina la muuzaji kama unavyosoma bei. Pia usilinganishe bei mpya na ile iliyopigwa mstari juu yake. Bei iliyopigwa mstari imeandikwa na muuzaji huyohuyo, nayo haithibitishi kwamba kitu kiliwahi kuuzwa hivyo. Mauzo ya Novemba yanayoitwa Black Friday yana nafuu za kweli na za kuchorwa, na dawa pekee ni kuwa umeandika bei ya kitu hicho mwezi wa Oktoba.

Kuna pia wauzaji wa Instagram na Facebook ambao kwao bei ni siri ya faragha: "bei ni inboksi." Wana sababu zao, mojawapo ikiwa ni kutoonwa na washindani, lakini kwa mnunuzi matokeo ni kwamba kulinganisha kunarudi kuwa kazi ya kuulizia mmojammoja, na muuzaji ana nafasi ya kuangalia picha yako kabla ya kutaja kiasi. Ukinunua kwao, lipa baada ya kufungua mzigo, na ulipe kwa namba ya till badala ya namba ya mtu. Malipo ya till hayamkati mnunuzi ada, na jina la biashara hubaki kwenye ujumbe wa M-Pesa likiwa ushahidi.

Zawadi haina bei?

Pingamizi la pili ni la moyo: anayehesabu shilingi kwenye zawadi ni bahili, na ubahili huonekana. Pingamizi hili huchanganya mambo mawili. Ubahili ni kupunguza kile anachopata mpokeaji. Kulinganisha ni kupunguza kile anachopata muuzaji kwa kitu kilekile. Shilingi 250 iliyookolewa kwenye blanketi inaweza kuwa leso juu ya blanketi, na mpokeaji ndiye aliyenufaika. Ubahili wa kweli ni wa anayebadilisha kitu wakati wa kuulizia: alitoka nyumbani kununua blanketi zito, akafika Biashara Street akaona jepesi kwa nusu ya bei, akajiambia ni blanketi tu. Ndiyo maana jina la modeli, uzito au kitambaa huandikwa kabla ya kutoka.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, nalo lina ushahidi. Mwaka 1993 mchumi Joel Waldfogel aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani wangekubali kulipa kiasi gani kwa zawadi walizopewa, wakiweka kando hisia za kupewa. Kwa jumla walizithamini chini ya bei zilizonunuliwa, kwa kiasi alichokadiria kuwa kati ya asilimia 10 na theluthi moja. Unaweza kulalamika, na watu wamelalamika, kwamba zawadi bila hisia si zawadi. Lakini linganisha kiasi hicho na hesabu yetu ya blenda. Duka la nne lilikuokolea shilingi 50 kwenye kitu cha 3,000 na kitu, chini ya asilimia 2. Kumpa mtu blenda asiyeitaka kunapoteza mara tano ya hapo au zaidi. Muda uliobaki baada ya duka la tatu hauna matumizi bora kuliko kumpigia dada yake simu umuulize anachokikosa jikoni.

Wengine huchukua hoja hiyo hadi mwisho wake na kusema basi tutume pesa. Nairobi hilo halina aibu. Bahasha za harusi na michango ya mahafali ni pesa tupu, na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 nyingi hazipiti hata kwenye bahasha. Kwa mtu mzima mwenye mahitaji yake ni zawadi nzuri. Kwa mtoto wa miaka sita si zawadi, maana pesa hiyo itaishia kwenye unga. Na hata pesa ina bei ya kulinganishwa: kuna ada ya kutuma, na mpokeaji akienda kwa wakala hukatwa ada ya kutoa, ndiyo sababu wengi wakituma 3,000 huongeza juu yake "ya kutoa."